Kibati cha Kilowati Sita

Kariakoo, masika ya 1995

13 Machi, Jumatatu

Kiwandani tulikuwa na daftari la zamu. Kabla hujamkabidhi mwenzako funguo, unaandika mashine gani imekufa, ipi imepona, na ipi inakutia wasiwasi. Walipotupunguza kazi mwaka themanini na nane nilitoka na bisibisi mbili na daftari moja tupu, nililiiba, sifichi. Mpaka leo nimekuwa nikiandika humo hesabu za mota za watu: mizunguko mingapi, waya unene gani. Sasa nimeligeuza nyuma niandike mengine, maana Vasantbhai amenipa kazi ambayo sijawahi kupewa na najijua nilivyo, nisipoandika nitagombana na kila mtu.

Vasantbhai ndiye mwenye nyumba. Duka lake la pampu na mota liko chini, karakana yangu iko uani chini ya mabati, na yeye anakaa ghorofa ya tatu na mkewe, Harshida, ambaye sote tunamwita Mama Harsh ingawa Harsh mwenyewe na dada yake wako Kanada miaka kumi sasa. Mzee ana miaka sitini na nne. Amenunua boti ya tanga ya Mdachi mmoja aliyemaliza mkataba. Ina vitanda viwili na jiko ndani. Injini yake ya dizeli imeliwa na chumvi, na yeye anataka aing'oe aweke mota ya umeme, kisha wawili hao waende Pangani alikozaliwa, halafu Tanga, halafu wanakojua wenyewe.

Nikamuuliza kwa nini asitafute dizeli nyingine, siku hizi mtaani Gerezani zimemwagwa kama viazi. Akasema ni moshi. Mama Harsh ana pumu, lori likipita anashika ukuta.

"Chagua wewe, Sadalla," akasema. "Mimi naujua upepo. Utakayosema ndiyo nitakayoweka."

Nimefurahi mpaka nimeona haya. Miaka saba nasuka upya nyaya za mota za wasaga unga, hakuna aliyewahi kuniambia chagua.

14 Machi

Mvua. Pampu ya nyumba, inayopandisha maji ghorofani, imeungua tena. Ni mara ya nne tangu nimuuzie Vasantbhai mwaka tisini. Nimemwambia ni umeme, unapanda na kushuka. Mektilda, mwenzangu wa karakana, ameanza kuisuka.

16 Machi

Umeme hakuna tangu asubuhi, mgao.

Nimekaa na jarida la boti aliloliacha Mdachi, Vasantbhai ananisomea. Huko kwao zipo mota tayari kabisa, zimefungwa na propela yake, unaitundika nyuma ya boti. Ila hizo ni za maziwa yaliyotulia, kuiagiza ni miezi mitano, na ikikwama Pangani hakuna wa kuifungua. Mota ya mashine ya kusaga haifai, ile inataka umeme wa ukutani na baharini hakuna ukuta. Inabaki mota ya foko, yale magari ya bandarini yenye uma wa kunyanyulia mizigo. Inakula betri, ni nzito, haina moshi, na nimezifungua mia.

Nikamuuliza boti ina uzito gani. Tani nne. Nikamuuliza wapi itapata shida. Akanijibu mlangoni mwa bandari, bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mwandamo, ikiwa inaingia na upepo wa kusi unagongana nayo, hapo matanga hayasaidii, njia ni nyembamba. Nimepiga hesabu mara tatu. Kilowati tano ndiyo chini kabisa. Nimeandika sita, ili mzee alale usingizi. Betri nane za volti sita, zilale chini kabisa ya boti zisiipindue. Mkanda na magurudumu mawili ya kupunguza mwendo, maana propela inataka mizunguko mia tisa tu na mota inakwenda elfu mbili. Juu ya paa sola mbili za kuongezea chaji polepole.

Mama Harsh alishuka na ndoo zake mbili akatukuta tunachora sakafuni kwa chaki. Akauliza kitanda chake kiko wapi humo. Nikamwonyesha. Mota itakuwa chini ya ngazi, hatua mbili kutoka kichwani kwake. Akauliza kama itanuka. Nikasema haitanuka kabisa.

20 Machi

Shemeji yangu Haruna, kaka wa mke wangu Badria, ana uwanja wa vyuma chakavu Gerezani. Tangu biashara ilipofunguliwa hakuna kisichopita kwake: majenereta, friji, vitanda vya hospitali, juzi alikuwa na kiti cha kinyozi. Mdomo wake peke yake ni duka.

Nimeipata pale mota ya foko, chini ya turubai. Kibati chake cha namba za nguvu kimejaa grisi lakini kinasomeka: volti 48, kilowati 6. Tukaipa betri, ikazunguka. Nikasimamisha sarafu juu ya mgongo wake na haikuanguka. Beringi safi, kaboni zinazopeleka umeme ndani bado nene. Nilipoinama kusoma kibati mara ya pili Haruna alicheka, akasema, "Wewe tena, shemeji, unasoma kibati?" Nikadhani ananisifu, kwamba fundi kama mimi najua mota kwa kuigusa.

Nimeichukua.

23 Machi

Mektilda ameniuliza kama nimeipima ikiwa na mzigo. Nikamwambia kibati kipo. Akanitazama, halafu akatazama kopo lililo juu ya rafu, akarudi kwenye waya wake. Tulitoka naye kiwandani siku moja, yeye akiwa chumba cha kusuka, na kwa vidole hakuna wa kumfikia mjini hapa. Kwa maneno ni bahili.

Hilo kopo niliandike. Kila fundi mota wa mtaa huu analo. Mota ikifa unabandua kibati chake unatupia humo, kwa sababu mnunuzi wa Kariakoo hanunui mota, ananunua kibati. Mwaka themanini na tisa mizigo ilipoanza kumiminika zilikuja mota hazina kibati, au zina maandishi ambayo hata Vasantbhai hakuyajua. Haruna akileta, mimi natafuta kibati kinacholingana, kisipolingana nagonga kipya kwa vyuma vyangu vya namba. Na ukishagonga, mkono unatia chumvi kidogo. Nusu inakuwa moja, tatu inakuwa tano. Unga unasagika hata hivyo. Zikiungua wanarudi kwangu kusuka, na ni umeme ndio unaolaumiwa. Niliacha mwaka tisini na mbili, nilipokwenda kuhiji. Lakini kopo sikulitupa.

28 Machi

Mvua usiku kucha na mchana kutwa. Pampu imerudi kazini.

3 Aprili

Jangwani haipitiki, maji yamefika madirishani. Mektilda amezunguka mbali kufika kazini na amefika amelowa mpaka shingoni.

Pampu imeungua. Wiki moja haijaisha! Nimempigia Vasantbhai wimbo ule ule wa umeme. Mama Harsh amepita uani mara sita leo. Yapo maji ya kufulia ambayo mtu wa kazi humpandishia, lakini ya jikoni na ya kuwekea miungu wao lazima ayachote mwenyewe, akiwa ameshaoga, na mtu mwingine asiyaguse. Ngazi sitini na mbili, nimezihesabu zamani nilipokuwa nafunga bomba. Anapumzika kila ghorofa, anaweka ndoo chini, anashika ukuta, namsikia kifua kinapiga filimbi. Mipini ya ndoo ameizungushia vitambaa isimkate vidole. Nilimpa shikamoo akaniitikia kwa mkono.

8 Aprili

Tumeifunga mota. Siku nne za kuinama upande wa Kigamboni, boti imetiwa nanga kwenye maji yaliyolala. Betri nane zimelala chini kama maiti, nyaya nene kama dole gumba, mkanda umekaa sawa. Vasantbhai alinipa soda, akanishika bega mbele ya wavuvi akawaambia, "Huyu ndiye aliyechagua."

11 Aprili

Jaribio la kwanza. Bahari kama sahani. Tulikwenda dakika kumi na tano bila sauti, mpaka tukawa tunasikia watu wanaongea ufukweni. Vasantbhai alilia. Alijifanya ni chumvi, lakini alilia.

Niliporudi nikaigusa mota. Ilikuwa moto, mkono haukukaa. Nimejiambia ni kaboni, hazijazoea.

12 Aprili

Nimemweleza Mektilda. Akasema kitu kirefu kuliko vyote alivyowahi kuniambia kwa miaka hii saba. Akasema alipoipaka rangi kabla hatujaifunga aliangalia shaba kwenye matundu ya nyuma, ni nyembamba. Akasema foko lina mota mbili, moja inaendesha magurudumu na nyingine inanyanyua uma. Ile ya uma ni ndogo, inafanya kazi dakika mbili inapumzika. "Hii ni ya uma, fundi," akasema. "Ni tatu hiyo. Sita itoke wapi?"

Nikawaka. Nikamwambia asinifundishe, kwamba kiwandani nilikuwa fundi wa zamu na yeye alikuwa anazungusha nyuzi. Nikasema na mengine ambayo siandiki. Akafungua aproni, akaikunja vizuri, akaiweka mezani. Akatoka kwenye mvua na mwamvuli wake ameusahau ukutani.

13 Aprili

Hakuja.

14 Aprili

Ni Ijumaa Kuu yao. Nimejiambia hakuja kwa sababu hiyo.

17 Aprili

Mvua. Pasaka inaisha na hakuja. Pampu bado iko mezani nusu imesukwa, alipoiacha. Sina vidole vya kuimaliza. Mama Harsh amepita na ndoo.

18 Aprili, Jumanne

Naandika hapa kwenye boti, peke yangu, mvua inapiga juu ya kichwa.

Nilikuja kubadili kaboni. Nikachukua tambara na mafuta ya taa nikasafisha kibati vizuri, grisi yote, nimwonyeshe Mektilda kwamba kiwanda hakisemi uongo. Ile sita imetoka safi. Tumbo la sita lina ufa upande wa kushoto, mstari umekatika, kama mtu aliyeng'atwa.

Chuma changu cha kugongea sita kilipasuka mwaka themanini na tisa, kilidondoka kwenye sakafu ya zege. Sikununua kingine. Kila sita niliyogonga tangu siku ile ina ufa ule, upande ule.

Nimekaa na kibati magotini. Mimi ndiye niliyekigonga. Labda ni katika ule mzigo wa kwanza wa Haruna, mafoko matano yaliyochinjwa, nikagonga siku nzima hata sikuangalia nagonga nini. Ikauzwa kwenye ghala fulani, ghala likafa, ikarudi kwa Haruna kama vinavyorudi vyote. Na mimi nikainama pale nikakisoma kwa heshima, nikaja kuwaambia wazee wawili walalie sita yangu.

Astaghfirullah. Mektilda alijua tangu siku ya kwanza, ndiyo maana alitazama kopo.

Usiku, nyumbani. Nilitoka kwenye boti moja kwa moja mpaka Gerezani. Nilitaka kumkaba Haruna. Yeye alikuwa anakula mhogo. Nikamwonyesha kibati, nikamuuliza kama alijua. Akanitazama kwa mshangao wa kweli, hakuwa anaigiza.

"Si chako?" akasema. "Nilidhani umekitambua. Nilidhani wewe na Mhindi wako mna yenu."

Hata hasira ilikuwa hainitoki vizuri, maana ningemkasirikia kwa lipi?

19 Aprili

Nimejaribu kufikiria kama naweza kuisuka upya kwa waya mnene. Haiwezekani, matundu ya chuma ni yale yale. Unene wa waya hauongezi mwili wa mota.

20 Aprili

Nilipanda ghorofa ya tatu kwenda kusema. Nimepanga maneno ngazi zote sitini na mbili. Mama Harsh alifungua, akanikaribisha chai ya tangawizi. Vasantbhai alikuwa ametandaza ramani mezani na ameweka glasi kwenye kila pembe isijikunje. Akanionyesha nyumba ya baba yake Pangani, nukta aliyoichora kwa kalamu nyekundu. Akasema daktari amesema unyevu wa masika unamuua mama pole pole hapa mjini, kwa hiyo hatasubiri mwezi wa sita. Jumamosi ya tarehe ishirini na tisa wanajaribu mlango wa bandari, bamvua, na ikiwa sawa wanaondoka wiki hiyo hiyo.

Nikanywa chai. Nikasema mota bado mpya, isipelekwe zaidi ya nusu. Akauliza kwa nini. Nikasema kaboni.

Akaandika kwenye karatasi, "nusu tu, Sadalla amesema," akaibandika ukutani. Nimeshuka ngazi kwa kushikilia ukuta kama yule mama.

21 Aprili

Sikusema.

22 Aprili

Nimekwenda kwa Mektilda, Buguruni, kumpelekea mwamvuli. Alikuwa anachambua mchele. Nikamwambia kibati ni changu. Akasema anajua. Nikamwomba radhi kwa yale niliyosema. Akauliza kama nimemwambia mwenye boti, nikasema bado. Basi akaendelea kuchambua mchele, na mwamvuli akaupokea.

25 Aprili

Sikusema. Mvua.

27 Aprili

Badria ameniuliza naumwa nini. Nimemwambia tumbo.

29 Aprili, Jumamosi

Nitaandika yote kwa mpangilio, kama kwenye zamu mashine ikiua mtu.

Tulikuwa watatu. Vasantbhai kwenye usukani. Mama Harsh ndani, ameketi kwenye kitanda chake kwa sababu ya manyunyu, amevaa sweta na viatu vya raba vipya. Mimi kwenye ngazi, karibu na mota. Nilikuwa nimejiahidi kwamba nikiona maji makali nitasema pale pale, turudi.

Mpaka Kivukoni tulikwenda vizuri. Kwenye kona ya mlango tukakutana na maji. Yalikuwa yanaingia kwa nguvu, ya kahawia, yamebeba magogo na majani ya huko mtoni, na kusi inayapiga usoni yanasimama. Boti ikapunguza mwendo. Nikatazama nchi kavu, mnazi mmoja nikaushika kwa jicho. Hatuendi. Halafu mnazi ukaanza kwenda mbele na sisi nyuma.

Nyuma yetu pantoni ya Kigamboni ilikuwa imeshang'oa nanga, imejaa watu na magari. Ikapiga honi.

Vasantbhai akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Ongeza, Sadalla."

Nilikuwa na sekunde ya kusema. Ilikuwepo, niliiona. Ningesema hii ni tatu, dondosha nanga. Badala yake nikasogeza mkono wa mwendo mpaka mwisho. Wallahi sijui kwa nini. Nafikiri mkono wangu ulikiamini kibati, baada ya yote.

Ikavuta. Dakika moja, mbili, tukawa tumesimama sawa na mnazi. Halafu nikasikia harufu, vanishi ya nyaya inayoungua, ile harufu tamu ya kukera ambayo nimeivuta miaka thelathini. Nikafungua sanduku la mota, moshi ukanipiga usoni, mzito, wa njano, ukaingia ndani badala ya kutoka, kwa sababu upepo ulikuwa unatoka nyuma. Nikasikia Mama Harsh anakohoa mara moja. Halafu hakukohoa tena, na hilo ndilo lililonitisha.

Nikakata umeme. Nikapiga kelele nanga. Vasantbhai alikimbia mbele kama kijana, minyororo ikateremka. Mimi nikaingia ndani kwa magoti. Hakuna unachoona. Nikamkuta sakafuni, kati ya vitanda, anapapasa maji ya chini ya boti kwa mikono miwili, anatafuta dawa yake ya kupuliza iliyomdondoka. Macho yamemtoka. Midomo imekuwa ya rangi ya risasi. Nikaipata mimi, nikaifuta kwa shati, nikamwekea mdomoni, akashindwa kuvuta. Nikamsukuma juu kwa mlango mdogo wa mbele, Vasantbhai akamvuta mikono, tukamlaza kwenye mvua.

Nanga ilishika. Pantoni ilitupita hatua ishirini, na watu wote wa upande ule walikuwa wamesimama kingoni wanatutazama.

Akavuta dawa mara ya tatu. Ikaingia. Tulimsikia hewa ikiingia, sauti nyembamba kama mlango wa kabati. Mumewe amempakata kichwa, anamwambia kitu kwa Kigujarati, neno moja tu, anarudia.

Halafu mzee akaniangalia. Nikasema mwenyewe.

"Si sita, Vasantbhai. Ni tatu. Kibati nilikigonga mimi."

"Lini ulijua?"

"Siku kumi na moja."

Akageuza uso, akamkinga mkewe mvua kwa koti lake. Boti ya wavuvi ilituvuta mpaka ufukweni.

30 Aprili

Mama Harsh amelazwa. Anapumua. Nilikwenda nikakaa nje ya lango la hospitali, sikuingia.

1 Mei, Jumatatu

Sikukuu ya wafanyakazi. Mji umefungwa, mvua imekatika kwa mara ya kwanza. Nilikuwa uani navigonga kwa nyundo vibati vya lile kopo, kimoja kimoja, napiga kila namba mpaka isisomeke. Nilidhani natubu.

Vasantbhai alitoka kwa mlango wa nyuma wa duka. Amebeba kitu amekikumbatia kifuani, kizito. Akakiweka mezani pangu. Ilikuwa ile pampu ya nyumba. Alikuwa ameichukua pale Mektilda alipoiacha, na ameibandua kibati na kukisafisha kwa mafuta ya taa, kama nilivyofanya mimi.

"Na hii, Sadalla?"

Nilikuwa sijaiangalia. Miaka mitano nimeifungua mara tano, nimeisuka, nimeifunga, na kibati sijakitazama hata siku moja. Mtu hawezi kufanya hivyo bila kujua. Jicho langu lilikuwa linaparuka pale.

Kilikuwa kinasema nguvu farasi 2, mizunguko 2860. Sita ina ufa.

"Ni moja," nikasema. "Haiwezi ghorofa tatu. Haikuwahi kuweza."

Akaketi kwenye kiti cha Mektilda. Nilingoja anitukane. Ningefurahi. Akawa anatazama ngazi tu, zile za uani, anazitazama kutoka chini mpaka juu na kurudi, na midomo inacheza. Nikajua anahesabu. Si pesa. Anahesabu ndoo.

"Nilimwambia ni umeme," akasema. "Kila mara alinilalamikia, nikamwambia Sadalla amesema ni umeme."

4 Mei

Mektilda amerudi. Si mimi niliyemwita, Vasantbhai ametuma teksi mpaka Buguruni. Amemwambia bado anataka mota, na safari hii achague yeye. Mektilda akauliza mimi nitafanya nini. Vasantbhai akasema, "Atabeba."

Basi nimebeba. Leo kutwa tumezunguka Gerezani yote. Yeye haangalii kibati. Anainama, anaomba tochi, anatazama shaba kwenye matundu, anapima mwili wa mota kwa shubiri, halafu anasema hapana. Haruna alianza maneno yake naye akamwambia anyamaze kidogo, akanyamaza, sijawahi kuona.

10 Mei

Iddi el Hajj. Baada ya sala nilikwenda hospitali na mara hii niliingia. Nilimwambia Mama Harsh maneno niliyokuwa nayo. Alisikiliza mpaka mwisho akiwa na mpira wa hewa puani. Akasema ataufikiria msamaha, hana haraka nao. Kisha akauliza mkono wangu umepona, ule ulioungua kwenye sanduku la mota. Mimi nilikuwa nimesahau kama umeungua.

16 Mei

Mektilda amechagua. Mota ya magurudumu ya foko, kubwa mbaya, imechubuka, haina kibati. Tuliifunga kwenye fremu na kuipa mzigo saa mbili nzima, mkono wangu juu yake. Ulikaa. Vasantbhai akauliza ni kilowati ngapi. Mektilda akasema saba, labda saba kasorobo. Nikamuuliza nigonge kibati. Akasema hapana, iende bila.

2 Juni

Kusi, anga safi. Mama Harsh ametoka hospitali. Jana Vasantbhai alitoka mlango wa bandari kwa bamvua mara mbili na kurudi mara mbili, Mektilda akiwa kwenye ngazi mimi nikiwa nchi kavu. Mnazi ulirudi nyuma kama unavyotakiwa.

5 Juni, Jumatatu

Vasantbhai na Mama Harsh wameondoka alfajiri. Sikualikwa na sikwenda.

Nilitumia asubuhi kufunga pampu mpya ya nyumba, nguvu farasi mbili za kweli, amenipimia Mektilda. Nilipowasha, nilipanda ngazi zote nikafungua bomba la jikoni kwao, mlinzi wa nyumba ana ufunguo. Maji yalitoka kwa nguvu, yakanirukia kifuani. Ghorofa ya tatu, bila kukohoa. Nikayaacha yatiririke kidogo. Kabati la miungu lilikuwa tupu, wameondoka nao.

Niliporudi uani nilizikuta ndoo mbili juu ya rafu yangu, mahali lilipokuwa kopo. Mektilda akasema Mama Harsh aliziacha kwake jana, akamwagiza anipe pampu ikishafanya kazi, isiwe kabla. Hakuna salamu nyingine. Vitambaa bado viko kwenye mipini, na mahali pa vidole pamebonyea, vinne na vinne.

Nimezishika nikajaribu kupanda nazo zikiwa tupu. Nimefika ghorofa ya kwanza nikaziweka chini.